Kidevu cha Jabez Hoyle

Benchi letu liko gatini, katika mji wa Owlerford, pale mto Harl unapopinda kabla ya kupita chini ya daraja la mawe. Nyuma ya benchi kuna kibanda cha Glenda, mbao za kijani, dirisha moja, na birika la umeme lenye ukubwa wa mtoto wa chekechea. Jirani yake ni baa ya Fleece, na kando ya mlango wa baa kuna bamba la shaba ambalo watoto wa hapa hulisoma kabla hawajajua kusoma: MAJI YALIFIKA KIDEVU CHA JABEZ HOYLE, ALIYESIMAMA HAPA. Jabez alikuwa babu yangu, baba wa baba, na sikumkuta. Mafuriko hayo yalikuja kabla ya Vita vya Pili, na mpaka leo hatuyaiti kwa mwaka. Tunayaita ya Kidevu. Yaliyofuata, nikiwa shuleni, ni ya Mkanda. Babu alikuwa keshazikwa, kwa hiyo wazee wawili walisimama gatini wakabishana mkanda wake ulikuwa ukikaa wapi. Yale ya Krismasi ya juzijuzi ni ya Goti. Sasa kwenye nguzo ya taa limebandikwa tangazo: utajengwa ukuta wa kuzuia mafuriko, urefu wake haujaamuliwa. Ukiishia kiunoni, utapita mbele ya benchi na maisha yataendelea. Ukizidi hapo, msingi wake utakuwa mpana, na kibanda cha Glenda kitaondoka, na benchi pamoja nacho. Glenda amechemsha chai pale tangu mumewe alipokuwa hai, na hana kazi nyingine. Basi tulikuwa tumeafikiana, bila kikao wala kura, kwamba ukuta uwe mfupi.

Asubuhi moja ya Machi tulikuwa wanne. Waziri, ambaye jina lake ni Desmond Akroyd, aliingia baraza la mji kwa kipindi kimoja na moyoni hajatoka. Askofu, yaani Norris Thackray, ni mfugaji wa kondoo. Ana fimbo ndefu yenye ndoano, na kanisani hajaingia tangu abatizwe. Breki ni Shabir Mirza, dereva teksi mstaafu, ambaye husimamisha mazungumzo ghafla kama alivyokuwa akisimamisha gari. Mimi wananiita Makumbusho, kwa sababu karatasi na picha za ukoo wetu nimezitunza mimi. Glenda alikuwa dirishani.

Mtoni kulikuwa na msichana. Alivaa suruali ya mpira iliyompanda mpaka kifuani, amefungwa kamba kiunoni, na kamba imeshikwa na mwanamume mmoja mnene ukingoni. Mkononi alikuwa na ufito mrefu wenye namba. Anauchomeka, anausoma, anasogea.

Waziri: Siku ya tatu leo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyo anatafuta kitu.

Askofu: Kitu gani? Humo yamebaki matoroli ya supamaketi na baiskeli ya posta.

Waziri: Nyie hamjui. Nilipokuwa barazani…

Breki: Ulipokuwa barazani Glenda alikuwa na nywele nyeusi.

Glenda: Bado ninazo, kipenzi. Ziko kwenye chupa.

Waziri: …nilipokuwa barazani kulikuwa na faili. Serikali inataka kuuza mto.

Askofu: Kumuuzia nani?

Waziri: Wasionao! Kuna nchi kule hazina hata kijito. Wanapima urefu, wanapima upana, wanapima kina, kama unavyopima zulia. Halafu wanakata.

Breki: Simama. Mto unakatwaje?

Waziri: Vipande vipande, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

Askofu: Acha fiksi, Desmond. Huyo anatafuta maiti. Mume wa yule mwalimu, aliyetoka kununua gazeti asirudi.

Glenda: Mume wa mwalimu yuko Scarborough na mwanamke wa duka la mapazia. Kila Pasaka anatuma kadi.

Askofu: Kadi hata muuaji anaweza kutuma.

Breki: Nyote mmepotea njia. Niambieni, Krismasi ile ya Goti, uwanja wa gofu ulilowa?

Waziri: Haukulowa.

Breki: Haukulowa! Kwa nini? Kwa sababu wale matajiri wana kizibo. Kiko chini ya daraja, kama cha bafu. Maji yakizidi wanakivuta upande wao, yanateremka kwetu. Huyo binti ametumwa kukitafuta. Akikipata akakichomoa chote, mto mzima unahamia kwa jirani zetu wa Lancashire.

Askofu: Basi na akichomoe. Lancashire waliutaka wenyewe.

Waziri: Lakini si bure tu. Tuwauzie.

Hapo msichana alitoka majini, akavua kamba, akaja dirishani huku suruali yake ikitoa maji kila anapokanyaga. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini hivi, pua nyekundu kwa baridi.

Glenda: Nikupe nini, kipenzi?

Msichana: Chai kubwa. Na mkate wa bekoni, tafadhali.

Waziri: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa, binti. Benchi hili halina mwenyewe.

Askofu: Tangu lini? Jana ulinifukuza mimi.

Alikaa pembeni kabisa ili asitulowanishe. Alisema anaitwa Kezia Womersley, ametokea Hull.

Breki: Umekipata?

Kezia: Nimepata nini?

Breki: Kizibo.

Kezia: Kizibo gani?

Breki: Mmeona? Anakataa. Amefundishwa kukataa.

Kezia: Mimi napima sakafu ya mto tu, mzee. Mawe, mchanga, mashimo. Na toroli moja.

Askofu: Si niliwaambia!

Waziri: Na wewe ni nani hasa? Mwanafunzi?

Kezia: Mfanyakazi. Wa kampuni ya wahandisi.

Askofu: Kumbe fundi.

Kezia: Nasomea shahada. Uhandisi wa maji na hatari za mafuriko.

Breki: Simama hapo hapo. Shahada inapatikana ndani ya mto?

Kezia: Siku nne niko kazini, mtoni au ofisini. Siku ya tano niko chuoni. Chuo analipa mwajiri. Nikimaliza ninayo shahada na ninayo kazi. Mimi ni mwanagenzi wa shahada.

Waziri: Haiwezekani. Zamani mtu alikuwa ama anajua, ama anafanya. Ukichanganya unapata nini?

Glenda: Unapata mtu wa maana, Desmond. Wewe barazani ulikuwa hujui na hufanyi.

Askofu: Mimi namwelewa. Ni kama kondoo jike wangu. Ananyonyesha huku anakatwa manyoya.

Kezia: Ndivyo ninavyojisikia siku za Alhamisi, chuo kikiningoja kesho yake.

Askofu alifurahi sana, akamsogezea sukari. Ni mara chache mtu kukubaliana naye kuhusu kondoo.

Waziri: Sasa kule chuoni wanakufundisha nini ambacho sisi hatukijui? Maji yanateremka. Kwisha.

Kezia: Yanateremka, ndiyo, ila swali ni yatafika wapi kabla hayajateremka. Tumeutengeneza mto wenu ndani ya kompyuta. Tunaunyeshea mvua, tunatazama maji yanaingia mitaa gani. Lakini kompyuta haikuwepo zamani. Lazima tuiulize kuhusu mafuriko ambayo watu waliyaona kwa macho, tuone kama itajibu sawa. Mhandisi wangu akaniambia nikitoka mtoni nije hapa. Akasema hapa kuna watu wanakumbuka.

Kuwaambia maneno hayo watu wale ilikuwa sawa na kumwaga mtama mbele ya kuku. Waziri alikaa sawa. Breki alizima redio yake ndogo ya mfukoni. Kezia akaashiria bamba la shaba.

Kezia: Haya ya Kidevu ndiyo makubwa kuliko yote, siyo? Ila nimeshangaa. Bamba lina maneno, halina mstari.

Ni kweli. Miji mingine ukiona bamba la mafuriko, kuna mstari chini yake, unaambiwa maji yalikoma hapo. Letu limefungwa usawa wa macho ili lisomeke vizuri, basi. Walipolifunga, Jabez Hoyle alikuwa akipita mbele ya Fleece kila jioni akitoka kiwandani, amebeba kidevu chake. Hakuna aliyeona haja ya kuchora mstari.

Kezia: Walisahau?

Askofu: Hawakusahau. Mstari alikuwa yeye mwenyewe.

Kezia: Basi ninachohitaji kujua ni kitu kimoja. Alikuwa mrefu kiasi gani?

Waziri: Jabez? Loo! Binti, Jabez alikuwa futi sita na nusu.

Askofu: Nusu ya nini? Saba! Baba yangu alisema akiingia zizini kondoo walidhani jua limezama, wakalala.

Breki: Mimi sikuwepo, babu zangu walikuwa kwetu Mirpur, mbali na hapa, wakilima kwa raha zao. Lakini abiria wote wazee wa mji huu walinihadithia. Alikuwa anawasha taa za barabarani bila ngazi.

Waziri: Treni ikipita alikuwa anawaaga abiria kwa kuwashika mkono.

Askofu: Na walipomzika walitumia majeneza mawili.

Mimi: Lilikuwa moja.

Askofu: Moja, lakini refu. Mchimba kaburi alikuja na mwanawe.

Kezia alikuwa akiandika kwenye kishikwambi chake, uso umetulia kama wa karani wa mahakama. Sikuendelea kumsahihisha mtu. Kusikia mtu wa kwenu akirefuka ni kutamu.

Kezia: Kwa hiyo niandike futi saba?

Waziri: Andika saba na uzungushie wino mwekundu. Hii ndiyo fahari ya Owlerford. Wapi kwingine maji yamefika kidevu cha mtu wa futi saba?

Kezia aliinuka, akauchukua ufito wake, akausimamisha kwenye kona ya Fleece, chini ya bamba. Akapandisha kidole juu ya namba, juu, juu tena, mpaka mkono ukaisha na ikabidi asimame kwa ncha za vidole vya miguu.

Kezia: Kidevu cha futi saba kinakuja kama hapa. Basi kompyuta ikikubali, ukuta nao utafika hapa. Na zaidi kidogo, kwa sababu mvua za siku hizi siyo zile za zamani.

Kidole chake kilikuwa juu ya dirisha la Glenda. Kwa muda tulitazama kidole, kisha dirisha, kisha Glenda ndani ya dirisha na kijiko mkononi.

Breki: Simama. Simama hapo hapo. Unataka kusema ukuta unapimwa kwa Jabez?

Kezia: Ukuta unapimwa kwa kompyuta. Lakini kompyuta inamsikiliza Jabez. Hakuna kipimo kingine cha mwaka ule.

Askofu: Mimi nilisema futi saba?

Kezia: Nimeandika.

Askofu: Nilikuwa namaanisha akiwa na kofia.

Waziri: Kofia yake ilikuwa ndefu mno. Ya sherehe. Ukiivua, binti, anabaki futi tano na kitu.

Breki: Kitu kidogo.

Askofu: Tena alikuwa ameinama. Kiwandani walimpinda. Tusimdanganye mtoto wa watu, Jabez alikuwa mfupi. Mie baba yangu aliniambia akiingia zizini alikuwa haonekani, mpaka apige mluzi.

Waziri: Pale Fleece walimwekea kigoda afikie kaunta.

Breki: Abiria wangu wote walisema. Alikuwa anapanda teksi kwa nauli ya mtoto.

Mimi: Shabir, alikufa kabla hujaja nchi hii.

Breki: Sifa zake zilibaki, dada. Fupi fupi.

Askofu: Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Jabez alikuwa chungu. Kilichomfika kidevuni, wewe binti ungekitumia kuogeshea miguu.

Waziri: Wala hatuhitaji ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa? Ufa wenyewe hatuna! Wapande maua tu. Ua wa maua unatosha.

Walimteremsha babu yangu kutoka kuwagusa wasafiri wa treni mpaka kulipa nauli ya mtoto, na chai kwenye vikombe ilikuwa bado inatoa moshi. Mimi si msemaji. Lakini mtu aliyekufa hana wa kumsimamia isipokuwa yule anayejua vipimo vyake.

Mimi: Futi sita na inchi mbili.

Askofu: Makumbusho, nyamaza.

Mimi: Kwenye nyumba yetu, mlango wa jikoni una kizingiti cha jiwe juu. Babu alikuwa akigonga paji la uso pale kila alfajiri akienda kiwandani. Bibi akakipigilia kipande cha ngozi ya kondoo ili asijiumize. Ngozi ipo mpaka leo, na katikati imelika. Kizingiti nimekipima. Paji la uso kwenda utosini nimelipima kwa baba na kwa kaka zangu, maana sura yetu ni moja. Futi sita na inchi mbili, bila kofia.

Kezia: Kidevu kwa kawaida kiko inchi tisa chini ya utosi.

Mimi: Kwetu ni tisa na nusu. Tuna videvu virefu.

Kezia alikitazama kidevu changu, akaandika tisa na nusu. Kisha akateremsha kidole kwenye ufito. Kilishuka hadi katikati ya dirisha la Glenda, lakini hakikushuka hadi kiunoni. Kilikomea usawa wa pua ya Waziri akisimama.

Breki: Bado kirefu.

Waziri: Umemmaliza Glenda. Umetuuza, Makumbusho, kwa ajili ya kipande cha ngozi.

Askofu: Na ngozi yenyewe, mimi najua ilikuwa ya kondoo wetu.

Hapo ndipo Glenda alipoweka kijiko chini. Aliegemeza viwiko dirishani, kama afanyavyo mtu anapotaka kudai haki yake.

Glenda: Mmemaliza? Norris, mimi nalala wapi?

Askofu: Mtaa wa Chini.

Glenda: Mtaa wa Chini. Krismasi ile mliyoiita ya Goti, goti la Jabez lilikuwa kiuno changu. Jokofu langu lilitoka mlangoni lenyewe, na bata mzinga ndani, likaenda kwa jirani. Nilikaa juu ya ngazi na paka siku nzima nikilitazama kochi linazunguka sebuleni. Sasa nyinyi mnamfupisha marehemu ili mimi nibaki na kibanda. Ahsanteni. Mvua ikija, kochi langu mtalishika nyinyi?

Breki: Tulikuwa tunakusaidia, Glenda.

Glenda: Najua, kipenzi. Ndiyo maana sijawamwagia maji ya moto.

Tuliinamia vikombe vyetu. Ilikuwa aibu ya namna mpya, kwa maana sote tulimwona Glenda kila siku dirishani, na kwa kuwa tulimwona pale tulidhani anaishi pale.

Kezia hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa Fleece, akiigusa barabara kwa kiganja. Akanyanyua uso kunitazama mimi.

Kezia: Samahani, mama. Leo mto umenifika magotini tu. Bila ile kamba ningekuwa nimeshafika darajani kwa mgongo. Maji yakikimbia, yakakufika gotini, yanakuangusha; yakifika kidevu yanamchukua hata ng'ombe. Na hapa gatini yanakimbia, ndiyo maana wananifunga kamba. Sasa bamba linasema alisimama hapa.

Mimi: Ndiyo.

Kezia: Alisimamaje?

Mimi: Alikuwa mtu wa nguvu.

Kezia: Mto haujali nguvu. Lazima alikuwa ameshika kitu, au amepanda juu ya kitu. Alisimama juu ya nini?

Waziri: Pipa! Alisimama juu ya pipa la bia. Hii ni baa.

Breki: Alisimama juu ya mwenye baa. Ndiyo maana mwenye baa hatajwi popote baada ya mafuriko.

Askofu: Ngojeni! Ngojeni kwanza, nyie wajinga! Akisimama juu ya kitu, kidevu kinapanda. Kidevu kikipanda, maji yanapanda. Maji yakipanda…

Waziri: Ondoa pipa! Binti, hakukuwa na pipa.

Breki: Alisimama ndani ya shimo.

Waziri: Shimo kubwa. Baraza lilikuwa limechimba, nakumbuka faili lake.

Askofu: Alikuwa amepiga magoti. Anaomba! Maji yanakuja, mtu anaomba, ajabu iko wapi?

Mimi: Bamba linasema alisimama.

Askofu: Shaba inajua nini habari za sala?

Breki: Wewe unajuaje habari za sala, Askofu?

Hata Glenda alicheka. Lakini msichana alirudisha macho kwangu, akasubiri, kalamu yake ya kishikwambi hewani. Alikuwa anauliza kwa nia njema. Alitaka kuandika jibu.

Najua tarehe ya ndoa ya Jabez Hoyle na jina la mchungaji aliyeifungisha. Najua namba ya buti lake. Najua jino aling'olewa upande gani, na nani alimshika miguu. Hadithi ya Kidevu baba aliisimulia kila Krismasi, tukiwa tumeshiba, na sikuzote ilianzia maji yakiwa kidevuni na kuishia Jabez akipiga kelele afunguliwe mlango wa baa. Alifikaje pale, alikuwa akifanya nini, chini ya miguu yake kulikuwa na nini, hakuna mtoto aliyeuliza, na baba hakusema. Nilikumbuka jiwe la kupandia farasi. Lilikuwa mbele ya Fleece nilipokuwa mdogo, nikikaa juu yake miguu haigusi chini. Lilikuwa upande huu wa mlango, au upande ule. Au lilikuwa la baa nyingine kabisa, kule juu. Nilitazama pande zote mbili za mlango, nikamtikisia kichwa.

Kezia: Basi siwezi kumtumia. Si kwa mrefu wala kwa mfupi. Itabidi nimwambie mhandisi kwamba mwaka ule hatuna kipimo.

Waziri: Hakuna kipimo! Mmesikia? Bila kipimo hakuna ukuta mrefu. Glenda, weka maji, leo tunakunywa mpaka jioni.

Glenda alilizima birika. Alikunja aproni yake mara mbili, akaiweka juu ya mikate.

Glenda: Chai imekwisha.

Waziri: Birika limejaa, naliona.

Glenda: Imekwisha, Desmond. Kezia, kipenzi, leta huo ufito. Sebuleni kwangu kuna doa la tope, limezunguka kuta zote nne, limenyooka kama limepigwa rula. Mama mkwe alilikuta alipoolewa, kabla ya hayo ya Mkanda, kwa hiyo ni la maji ya Kidevu. Kila nikipaka rangi linatokeza. Nimelifunika kwa karatasi ya maua tangu siku lile tangazo lilipobandikwa.

Askofu: Glenda.

Kezia: Madoa nayo hudanganya, mama. Unyevu hupanda ukutani wenyewe.

Glenda: Basi likikudanganya litakuwa ni moja. Hapa wamekudanganya watatu. Ukuta wangu haupigi magoti, na haupandi juu ya pipa.

Askofu: Glenda, hilo doa liko juu kiasi gani?

Glenda: Juu.

Askofu: Na kibanda?

Glenda: Kibandani halali mtu.

Alivuta ubao wa dirisha, akaufunga kwa komeo, akatia ufunguo mfukoni. Waliondoka pamoja, Glenda mbele kwa mwendo wake wa haraka, Kezia nyuma na ufito begani, suruali ya mpira ikilia chwa, chwa, mpaka wakakata kona ya Mtaa wa Chini. Yule mwanamume mnene aliyekuwa akishika kamba aliwatazama, akatutazama sisi, akaenda kukaa ndani ya gari lake.

Tulibaki na vikombe vitupu. Mto ulikuwa ukipita. Breki alijaribu kuwasha redio, akaghairi. Mwisho akanigeukia, taratibu, si kwa ile kawaida yake.

Breki: Makumbusho. Kweli kabisa. Alisimama juu ya nini?

Mimi: Sijui.

Benchi lile halikuwa limelizoea neno hilo. Askofu alitazama ncha ya fimbo yake. Waziri alikohoa, akageuka dirishani kuagiza chai, akakuta limefungwa.